Shoka Huacha Mzizi

Mwaka 1885 mji wa Berlin ulitoa karatasi mbili zinazoihusu Morogoro. Ya kwanza anaijua kila aliyekaa darasa la historia akiwa macho. Tarehe 27 Februari, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters. Hati ilitaja nchi nne: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ukami ndiyo huku kwetu, chini ya milima ya Uluguru. Peters alikuwa amepita miezi michache nyuma, Novemba na Desemba 1884, akikusanya misalaba ya wino kwenye mikataba ambayo waliotia alama hawakuweza kuisoma. Maskini Mangungo wa Msovero, mpaka leo jina lake ni tusi: ukisaini mkataba bila kuusoma, wenzako wanakuita Mangungo.

Karatasi ya pili haipo kwenye mtaala. Aliiandika Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa hapohapo Berlin. Serikali ya Prussia ilikuwa imemtuma atafute namna ya kulima trufeli, ule uyoga wa chini ya ardhi ambao matajiri wa Ulaya wanaula kwa bei ya dhahabu. Kilimo cha trufeli hakikumtokea. Lakini katika kuchimbuachimbua chini ya miti aliona kwamba ncha za mizizi zimevikwa soksi ya kuvu, tena kwenye miti yenye afya. Wenzake walizoea kudhani kuvu kwenye mzizi ni ugonjwa. Frank akasema hapana, hawa wanalishana. Akaupa muungano huo jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kuvu na mzizi: mikoraiza. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi.

Karatasi ya kwanza ilianza kutumika palepale. Ya pili ilichukua karibu karne nzima kufika Morogoro, na katika karne hiyo ardhi ya Uluguru ilichimbwa, ikakatwa, ikalazimishwa kupona, ikagoma. Nimesoma sana juu ya milima hii kwa sababu za kazi na kwa sababu za moyo, na kila nikisoma narudi kwenye jambo lilelile: karibu kila aliyekuja kuitibu ardhi ya Uluguru aliitazama kutoka juu.

Tuanze na kilicho chini.

Mmea una shida moja kubwa kuliko kiu, nayo ni fosforasi. Nitrojeni huzunguka, maji hutiririka, lakini fosforasi imekaa kama mzee barazani, haiendi popote. Katika udongo mwekundu wa nchi za joto, madini ya chuma na alumini huishika isiachie. Mzizi ukishamaliza iliyo karibu na ngozi yake, umekwisha, labda uote mzizi mwingine. Hapo ndipo kuvu inapoingia. Uzi wake ni mwembamba kuliko kinyweleo cha mzizi, hivyo hupenya kwenye nafasi ambazo mzizi hauwezi hata kuchungulia, na huenda mbali kuliko mzizi ulivyoweza kufika. Huko huchota fosforasi, zinki na maji kidogo, huleta nyumbani. Mmea hulipa kwa sukari uliyoipika kwenye majani, na malipo si ya kitoto: wakati mwingine hufika sehemu moja kati ya tano ya sukari yote iliyopikwa.

Kuna makundi mawili ambayo tutakutana nayo. Kundi la kwanza ni zile zinazoingia ndani kabisa ya seli za mzizi na kuchanua humo kama kimti kidogo. Hizi haziotesi uyoga, huwezi kuziona kwa macho, na ndizo zinazoishi na mahindi, mtama, migomba, nyasi na sehemu kubwa ya miti ya misitu ya mvua. Ni za kale mno. Katika mawe ya kijiji cha Rhynie, Scotland, zimekutwa ndani ya mimea iliyogeuka jiwe miaka milioni 400 iliyopita, mimea ambayo haikuwa hata na mizizi ya kweli. Kundi la pili ni zile alizoziona Frank, zinazovisha ncha ya mzizi soksi kwa nje, na nyingi kati yake hutoa uyoga juu ya ardhi mvua zikianza. Kwetu hizi huishi hasa kwenye miombo.

Kundi la kwanza lina sharti gumu: bila mzizi hai halina maisha. Haliwezi kujilisha lenyewe. Ukichota udongo mzuri ukaurundika pembeni kama kichuguu miaka mitatu minne bila mmea juu yake, udongo ni uleule kwa rangi na kwa uzito, lakini wakazi wake wamekufa kwa njaa. Naomba ukae na jambo hili, maana migodi yote duniani inalikuta.

*

Migodi ya Uluguru haikuanza na wachimbaji wa rubi tunaowaona leo. Wajerumani walichimba ulanga. Sisemi wilaya, nasema yale madini yenye tabaka nyembamba zinazong'aa, unayoweza kuyabandua kama kurasa za kitabu. Ulanga hauungui kirahisi na haupitishi umeme, kwa hiyo dunia iliyokuwa inaanza kuwasha taa za umeme iliuhitaji. Juu katika Lukwangule, ambako Wajerumani waliandika Lukwengule, kulitoka kitu kingine pia. Kwenye mawe ya huko kulikutwa madini mazito meusi ya urani, na juu yake unga wa manjano. Sampuli zilisafirishwa hadi, nadhani umeshakisia, Berlin. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliutangaza unga ule kuwa madini mapya na kuyaita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford, aliyekuwa wakati huo akifundisha Montreal, Kanada. Hata leo, ukifungua orodha ya madini ya dunia, mahali pa asili pa rutherfordine ni Uluguru, Morogoro. Rutherford mwenyewe hakuwahi kukanyaga hapa. Mluguru aliyebeba mawe yale kichwani kuteremka mlima hakuwekewa hata nukta.

Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, ulanga wa Tanganyika ulitakiwa tena, safari hii kwa redio na injini za ndege. Watu wakachimba tena. Halafu vita ikaisha.

Sasa hapa ndipo historia inapokaa vibaya. Baada ya vita wakoloni wa Kiingereza waliitazama milima, wakaona miteremko imelimwa mpaka juu, wakaona tope katika mto Ruvu, wakaamua kwamba anayeiua Uluguru ni Mluguru mwenye jembe. Mwaka 1950 mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru ukaanza kutekelezwa. Kiini chake kilikuwa matuta: kila mwenye shamba mlimani aukate mteremko uwe kama ngazi za jumba kubwa, bapa na pana, ili maji ya mvua yasikimbie. Ilikuwa amri, na mwenye kukaidi alishtakiwa.

Kwenye karatasi, hesabu ya maji ilikuwa sawa kabisa. Mteremko mkali humwaga maji kwa kasi, ubapa huyatuliza. Tatizo lilikuwa udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya miteremko ile ina tabaka jembamba la udongo mweusi juu, na chini yake udongo mwekundu usio na kitu. Ili ukate ngazi bapa lazima uchimbe upande wa juu na kumwaga upande wa chini. Udongo mweusi unazikwa, mwekundu unaletwa juani. Watu walipanda mahindi juu ya matuta waliyoyatolea jasho kwa siku nyingi, mavuno yakapungua badala ya kuongezeka.

Historia hii imeandikwa vizuri. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu chao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, moto ukiwa bado haujapoa, na Fosbrooke alikuwa mtu wa serikali ileile, jambo linalokifanya kitabu kisomeke kwa jicho moja wazi na jingine limekunjwa. Mwaka 1996 Pamela Maack aliandika sura ndani ya Custodians of the Land, kitabu walichohariri Gregory Maddox, James Giblin na Isaria Kimambo. Jina la sura hiyo ni kilio cha watu wenyewe kwamba hawataki matuta. Kama uko chuo na unasoma historia, achana na muhtasari wa vishoka, kakitafute hicho maktaba.

Waluguru hawakuwa wajinga wa mmomonyoko. Walikuwa na njia yao: palizi na nyasi hulazwa kwa mstari kukata mteremko, kisha hufunikwa udongo kidogo wa juu, na msimu unaofuata mstari husogea. Vinatokea vingazi vyembamba ambavyo mtu wa ofisini akivitazama kwa darubini kutoka barabarani anaona vurugu tu. Udongo mweusi hauzikwi. Mizizi iliyokufa inabaki palepale inapohitajika. Upande wa Mgeta, kwenye umwagiliaji na soko la mboga, watu walikuwa tayari kulima kwenye matuta kwa sababu yalilipa. Ugomvi ulihusu tuta fulani, kwenye udongo fulani, kwa amri ya mtu asiyekula mahindi yake. Neno tuta lenyewe halikumuudhi mtu.

Na kulikuwa na suala la nani mwenye ardhi. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, ndani ya lukolo. Mtu anayelima kipande kwa ruhusa ya ukoo wa mkewe, au aliyekopeshwa na ukoo mwingine, akikijengea matuta ya kudumu anaonekana anajimilikisha. Chifu aliyetambuliwa na serikali, Sabu bin Sabu, alibeba mpango huo mgongoni mwake, na ukamvunja mgongo kisiasa.

Julai 1955, Matombo, mambo yalilipuka. Jina la mahali hapo kwa Kiluguru ni matiti, kwa ajili ya vilima viwili vilivyosimama pamoja. Watu walikusanyika kwa wingi kukataa matuta, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mwaka uleule mpango ukaachwa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilipopita milimani ilikuta watu ambao hawakuhitaji kuelezwa serikali ya kikoloni ni nini. Siasa ya uhuru wetu, kwa sehemu yake ya Uluguru, ilianzia kwenye kina cha sentimita chache za udongo.

Nimesoma maelezo kadhaa ya kwa nini mahindi yalidumaa juu ya matuta. Yanataja rutuba, yanataja mboji, na ni kweli. Lakini ukiyasoma ukijua alichokiona Frank, unaona kilichozikwa pamoja na udongo mweusi. Nyuzi za kuvu za mizizi hukaa zaidi kwenye tabaka la juu, huko kwenye mizizi mingi. Kulipindua shamba juu chini ni kuukata mtandao, kuuzika, halafu kuupandia hindi kwenye udongo mwekundu unaoshikilia fosforasi kwa nguvu zote, bila wa kuichota. Bwana shamba wa mwaka 1952 angeweza kulijua hili. Neno mikoraiza lilikuwa na umri wa miaka 67. Hakuna aliyeinama.

*

Miaka 15 baada ya Matombo, mlima ulifanya jaribio lake wenyewe. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa zisizozidi tatu ilishuka Mgeta, upande wa magharibi, kama milimita 100 hivi. Yalitokea maporomoko zaidi ya 1,000. Paul Temple na Anders Rapp walikwenda kuyahesabu na kuyachora, na matokeo yao ya 1972 bado yananitisha: karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye majani mafupi. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata moja katika mia. Mvua ilikuwa ileile.

Mzizi mkubwa wa mti hushona mlima kama uzi mnene. Kuvu hufanya kazi ndogo zaidi, ya kushikamanisha punje na punje mpaka udongo unakuwa vidonge vidogo ambavyo maji hupita katikati yake bila kuvibomoa. Sitaki kukuza mambo, kuvu haizuii jabali kuteremka. Lakini mti haufiki ukubwa wa kushona mlima kama ulishindwa kula utotoni.

Ndiyo maana nimechagua kichwa cha habari hiki. Nenda Kitulanghalo, kwenye msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Ni miombo, na miombo ya huku imekatwa mkaa kwa miaka na miaka kulisha majiko ya Dar. Mtu wa mjini akipita anaona visiki, anasikitika. Rudi baada ya mvua. Visiki vimetoa machipukizi, na machipukizi yametoka kwenye mizizi yenye umri kuliko bibi yako, ikiwa bado imevaa soksi zake za kuvu. Mmiombo hauanzi upya, unaendelea. Ukiuacha upumue miaka kadhaa, msitu unarudi bila mradi na bila bango la mfadhili.

Sururu ni habari nyingine. Anayechimba madini hukusanya mzizi, kisiki, kuvu na mbegu, akavimwaga vyote chini ya kifusi kilichotoka kina ambacho hakijawahi kuona mzizi. Mkaa huondoa kilicho juu na kuacha kilicho chini. Mgodi huondoa cha chini. Sera zetu huviweka vyote kwenye fungu moja linaloitwa uharibifu wa mazingira, na dawa yake ni moja: miche.

Wa kwanza kuiinamia miombo yetu kwa darubini ya Frank walikuwa Waswidi wawili, Peter Högberg na Jan-Erik Nylund. Mwaka 1981 walichapisha kuhusu kuvu za mizizi katika miombo ya pwani ya Tanzania, na mwaka uliofuata Högberg akatoa orodha pana zaidi ya miti na vichaka vya nchi hii na aina ya kuvu wanazoishi nazo. Kutoka Berlin 1885 mpaka hapo ni miaka 96. Halafu mwaka 2003 kikatoka kitabu cha uyoga wa Tanzania cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, huyu wa mwisho akiwa mtaalamu wetu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kina picha nzuri, na kina heshima kwa akina mama wanaojua uyoga gani unaliwa na upi unaua. Sehemu kubwa ya uyoga mtamu wa miombo, ule wa manjano unaouzwa kwenye masinia barabarani mvua zikianza, ni tunda la kuvu zilizofunga ndoa na miti. Ndiyo sababu haulimwi. Mti ukiondoka na uyoga unaondoka, na mama mwenye sinia anaujua ukweli huu bila kuhitaji neno la Kigiriki.

Hapa niseme kidogo kwa wapenzi wa vitabu, maana najua mnachosoma. Tangu Merlin Sheldrake atoe Entangled Life mwaka 2020 na Suzanne Simard atoe Finding the Mother Tree mwaka uliofuata, kuvu za mizizi zimekuwa mashuhuri. Miti mama inanyonyesha watoto, msitu unazungumza, na kadhalika. Cha Sheldrake nilikipenda sana. Lakini mwaka 2023 watafiti watatu, Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema, walipitia ushahidi wa madai hayo na kuonyesha kwamba mengi yamevutwa kuliko data inavyoruhusu. Mimi naona hadithi ile tamu imetudhuru kwa namna nyingine pia. Imeifanya kuvu kuwa jambo la roho na upendo, wakati huku kwetu ni jambo la chakula, kama mbolea na mbegu.

*

Mfano bora wa ardhi ya mgodi iliyofufuliwa katika Afrika Mashariki uko pwani ya Kenya, Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe mpaka ikabaki jangwa jeupe karibu na usawa wa maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alipewa kazi ya kuliotesha. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita zilibaki tatu: mnazi, konokapasi na mvinje. Akauchagua mvinje.

Mvinje una siri mbili mizizini. Una bakteria wanaoishi kwenye vinundu na kuchukua nitrojeni hewani, na una kuvu zinazotafuta fosforasi. Mmoja analeta hiki, mwingine analeta kile, na mti unasimama juu ya jiwe tupu. Lakini majani yake ya sindano yalidondoka yakajazana bila kuoza. Haller akatafuta mla majani hayo, akampata jongoo mwenye miguu myekundu, akawaleta kwa mamia. Jongoo akala, akanya, udongo ukaanza kuwepo. Leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuona twiga mahali hapo.

Ninachokipenda katika habari ya Bamburi ni mpangilio wake. Haller aliuliza kwanza nani analisha mzizi, halafu nani anaozesha jani, na wanyama wakaja mwisho. Kwetu mara nyingi tunaanza na mgeni rasmi.

Wakulima wa misonobari walijifunza somo hilohilo kwa hasara. Misonobari si miti ya Afrika ya kwetu huku, na ilipoletwa katika nchi nyingi za joto miche iligeuka njano ikadumaa vitaluni, pamoja na kumwagiliwa na kupaliliwa. Dawa ikawa kikapu cha udongo kutoka chini ya misonobari iliyokomaa mahali pengine. Ukichanganya udongo kidogo na ule wa kitalu, miche inakuwa ya kijani. Puerto Rico ilihangaika na misonobari yake mpaka katikati ya miaka ya 1950, ulipoletwa udongo kutoka North Carolina. Kila shamba la misonobari unaloliona kwenye nyanda zetu za juu lina kuvu za ugenini chini yake.

*

Nimepita Matombo mara mbili kikazi, na barabara ya vumbi kutoka mjini ikikutikisa unafika ukiwa umechanganyika. Palepale palipomwagika damu kwa ajili ya udongo, tangu miaka ya 1980 panajulikana sokoni kwa rubi. Rubi za huku hukaa kwenye marumaru, kwa hiyo kifusi kinachobaki kinang'aa weupe, kina chokaa nyingi, na chokaa nayo hufunga fosforasi kwa mtindo wake. Mashimo ya wachimbaji wadogo si makubwa kama ya Geita. Ni shimo hapa, shimo pale, katikati ya migomba. Mvua ikinyesha yanageuka visima vya tope. Mchimbaji mwenye leseni ndogo anatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kutunza mazingira, na mpango ukikaguliwa huulizwa kama shimo limefukiwa na kama miti imepandwa.

Kufukia nako kuna namna. Udongo mweusi unatakiwa utengwe siku ya kwanza, kabla sururu haijafika chini, na urudishwe juu mapema, si baada ya miaka mitano ya kusubiri jiwe litoke. Ukilazimika kuusubirisha, uupandie kitu, hata nyasi, hata kunde, ili kuvu zipate mzizi wa kulia chakula. Miche ya kitaluni ipewe konzi ya udongo wa jirani, kutoka chini ya mti wa aina yake uliostawi, maana kuvu za mahali zimezoea joto na ukame wa mahali kuliko za kwenye pakiti kutoka nje. Anayetaka nyingi anaotesha mtama kwenye ndoo zenye udongo huo, miezi mitatu minne, halafu anakata mizizi vipandevipande na kuichanganya kwenye vifuko vya miche. Gharama yake ni mbegu ya mtama na ndoo. Kwenye marudio ya dhahabu, yenye zebaki, kazi ni ngumu zaidi. Kuvu nyingine huuzuia mmea usinywe sumu, nyingine huusaidia kuinywa, na huwezi kujua bila kujaribu.

Swali linabaki la huo udongo mzee, utoke wapi. Jibu rahisi ni juu, msituni. Lakini msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, zaidi ya hekta 24,000, na kutoa kitu humo bila kibali ni kosa, kwa sababu nzuri kabisa: maji ya mamilioni ya watu wa Dar es Salaam yanaanzia huko. Tena msitu wa mvua wa juu na mteremko mkavu wa Matombo si majirani kwa maana ya kuvu. Kinachohitajika ni vipande vidogo vya ardhi ya zamani huku chini kwenye mashamba, ambavyo havijawahi kugeuzwa na tuta wala shimo.

Vipo. Ukisimama kwenye kilima chochote cha Matombo au Kinole utaviona, vishada vya miti mirefu katikati ya mihogo, kila kimoja kimeachwa na koo zake kwa sababu wazee wamezikwa humo na mizimu haitaki kelele. Maofisa wa matuta waliviruka kwa kuogopa fujo, na wachimbaji wa rubi nao huvizunguka. Kuingia na konzi ya udongo kutoka mle kunahitaji ruhusa ya lukolo, na lukolo itauliza kwanza unakwenda kuipeleka wapi.